Kiwanja cha Bure Kando ya Ziwa: Tuzielewe Mita 60



Miongoni mwa barua tulizopokea katika robo hii, moja ilitoka kwa kamati ya ujenzi ya kigango kimoja cha Kamunyonge, hapa Musoma mjini. Iliandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja tu, na ombi lake lilikuwa wazi. Mzee mmoja amekitolea kigango kiwanja chake kilichoko upande wa ziwa, bure kabisa, ili ijengwe shule ya chekechea. Akina mama wameshaanza kuchangia matofali. Je, shirika litawasaidia lini saruji na mabati?

Tulifurahi kuipokea barua hiyo, kwa maana si kila siku mtu hutoa ardhi katika mji ambao kiwanja kimekuwa ghali. Tukaenda kukiona, pamoja na mwenyekiti wa kamati, katibu na mzee mwenyewe. Ni mahali pazuri kwelikweli. Upepo wa ziwa unavuma, pana mkuyu mkubwa wa kivuli, na watoto wangecheza wakiona mitumbwi ikirudi na dagaa. Tukafunga kamba ya katani kwenye kigingi ukingoni mwa maji, tukaivuta hadi mpaka wa juu wa kiwanja. Tulipata mita 71. Ukitoa mita 60 zinabaki 11, na ndani ya hizo 11 kuna njia ambayo watu wa mtaa huipita kwenda kuchota maji na kunywesha ng'ombe.

Mzee alituuliza, kwa upole lakini akitutazama usoni: "Hizo mita sitini alizipima nani, wakati baba yangu amezikwa hapa?" Makala hii ni jibu letu kwake na kwa kamati yake. Tumeona tuichapishe kwa wote, kwa sababu swali hilohilo linazihusu parokia zote za mwambao wa Mara, na kwa sababu wafadhili wetu nao huuliza kwa nini mradi unaoonekana tayari unasimamishwa.

Kosa letu wenyewe

Kabla hatujamweleza mtu mwingine sheria, tukiri kwanza. Mwaka 2007 shirika letu lilichangia ujenzi wa ghala dogo la kikundi cha akina mama wauza dagaa, pamoja na choo cha matundu mawili, katika mwalo mmoja wa mkoa huu ambao hatutautaja. Wakati ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, na mchanga mpana ulikuwa umebaki wazi. Viongozi wa pale walituonyesha eneo hilo kama ardhi isiyo na mwenyewe. Hatukupima, hatukwenda ofisi ya ardhi, tuliangalia tu kwamba pamekauka.

Mwaka 2020 maji yalirudi. Ghala lilisimama ndani ya ziwa kwa miezi kadhaa mpaka ukuta wa mbele ukaanguka. Choo nacho kilifunikwa, na kilichokuwemo tunajua kilikwenda wapi. Akina mama walipoteza akiba yao, na sisi tulilazimika kuwaandikia waliotuma fedha zile barua ambayo hatungependa kuiandika tena. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza tu.

Ukanda wa kijani ni kitu gani?

Neno "ukanda wa kijani" limetoka mbali. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1938 ilizipa halmashauri za London na majirani zake uwezo wa kuhifadhi ardhi kuuzunguka mji huo ili isijengwe. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 ikaongeza nguvu, na kuanzia mwaka 1955 miji mingine ilihimizwa kufanya vivyo hivyo. Lengo lao lilikuwa kuuzuia mji usiendelee kutambaa hadi ukameza mashamba na vijiji vya jirani.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Mtu akienda ofisi ya mipango miji na kuomba kuona mchoro wa eneo lake, ataona sehemu zilizopakwa rangi ya kijani. Hizo ni maeneo ya wazi, viwanja vya michezo, bustani za umma na ardhi ya hifadhi. Lakini kwa mji kama Musoma ukanda wa kijani ulio muhimu kuliko yote ni ule unaofuata maji. Mji wetu umekaa kwenye rasi, na wazee husema hata jina lake linatokana na neno la wenyeji lenye maana ya nchi iliyochomoza majini. Ukitoka Kamunyonge huwezi kutembea mbali bila kukutana na ziwa. Kwa hiyo ukanda huu haupo nje ya mji kama kule London. Unapita katikati ya maisha ya watu: penye mialo, penye bustani za mchicha, penye nyumba za wavuvi, na mara nyingine penye kiwanja cha kigango.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57 kama kilivyotungwa, inakataza shughuli za kibinadamu zenye asili ya kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya fukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa la maji. Sheria hiyo haikuwa ya kwanza kuitaja namba hii. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ilikwisha kuiweka ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani katika kundi inaloliita ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha ya watu au kuharibu mazingira. Humo humo zimo ardhi za ardhioevu, misitu ya mikoko, miteremko mikali, na sehemu zinazotupwa taka za hatari. Wenzetu wanaopandisha nyumba kwenye vilima vya mawe vya Musoma waisome sehemu ya miteremko pia, ingawa leo si mada yetu.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Sheria ya Ardhi imeweka utaratibu wa Waziri kutangaza rasmi eneo fulani kuwa ardhi hatarishi, wenye matangazo ya wazi na nafasi ya wananchi wanaohusika kusema yao. Lakini katazo la kifungu cha 57 halisubiri tangazo la namna hiyo. Lipo tayari, leo, kwenye kila mwambao. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kuona bango wala kigingi, halafu siku moja akaambiwa amevunja sheria.

Majirani zetu wanaotumia ziwa hilihili wameweka namba nyingine. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, iliweka mita 200 kwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo anayesema mita 60 ni ukali uliopitiliza, avuke mpaka kidogo aone.

Ziwa halikai mahali pamoja

Sasa tufike kwenye swali la mzee: kwa nini 60, na kwa nini hata pale ambapo pamekauka tangu baba yake?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 68,800, lakini halina kina kirefu. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, si kwa mito. Sehemu kubwa ya yanayotoka hupotea kwa jua, na yaliyobaki hutoka kwa mlango mmoja tu, pale Jinja nchini Uganda, ambako bwawa la Owen Falls lilikamilika mwaka 1954. Ziwa la namna hii hufuata mvua. Misimu michache ya mvua kubwa mfululizo hulipandisha, na misimu michache ya ukame hulishusha.

Wazee wetu wanaikumbuka mvua ya mwaka 1961. Kuanzia mwaka huo hadi 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likameza mialo na mashamba pande zote. Baadaye likashuka taratibu. Miaka ya 2005 na 2006 lilishuka mno, kwa ukame na pia kwa maji mengi kuachiwa kule Jinja kwa ajili ya umeme. Huo ndio wakati mchanga ulipobaki wazi, watu wakalima, wakajenga, na sisi tukajenga lile ghala. Kisha mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zikalipandisha tena, na mwezi Mei 2020 likafikia kimo cha mwaka 1964. Mwaka 2024 likapita hapo. Kisumu, Entebbe na miji mingine ya mwambao iliona hoteli, barabara na nyumba zikikaa majini.

Tazama hesabu hii ndogo. Mwambao wetu katika sehemu nyingi una mteremko mdogo sana. Chukua mahali ambapo ardhi hupanda mita 1 kwa kila mita 50 unazotembea kutoka majini. Hapo ziwa likipanda mita 1 tu, maji yanaingia nchi kavu mita 50. Likipanda mita 2, yanaingia mita 100. Hivyo penye mwambao tambarare hata hizo 60 hazitoshi, na penye mwamba mkali zinaweza kuonekana nyingi. Sheria haikuweza kupima kila jiwe la Musoma. Iliweka namba moja kwa wote, na kila namba moja kwa wote hukosea mahali fulani. Tunalikubali hilo. Lakini kwa kiwanja cha Kamunyonge, ambacho mteremko wake ni mdogo, namba hiyo haikukosea. Alama ya maji ya 2024 tuliiona kwenye shina la mkuyu, hatua nyingi juu ya mahali tulipofunga kamba yetu.

Kazi ya ukanda huu si kuzilinda nyumba peke yake. Matete, mafunjo na majani ya ukingoni huzuia udongo unaosombwa na mvua, na hupunguza uchafu wa vyoo na mbolea kabla haujafika majini. Samaki wengi huzalia humo, sato na perege wakiwemo. Mbolea na uchafu ukiingia ziwani moja kwa moja huyalisha magugu maji, na wavuvi wetu hawahitaji kukumbushwa miaka ya tisini magugu hayo yalivyofunga mialo. Aidha, maji ya bomba tunayokunywa Musoma hutoka ziwani humohumo. Choo cha shule ya chekechea kikichimbwa hatua thelathini kutoka majini, watoto wale wale watakunywa kilichotoka humo.

Wilayani Butiama jambo hili laonekana kwa ukubwa zaidi. Kabla Mto Mara haujafika ziwani hupita katika ardhioevu pana ya mafunjo karibu na daraja la Kirumi. Mwezi Machi 2022 maji ya eneo hilo yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi cha mifugo mingi pamoja na mimea iliyooza. Wengine walikuwa na mashaka na maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Kwa vyovyote vile, tukio lile lilituonyesha kwamba hata mafunjo yana kiasi anachoweza kubebeshwa.

Zinapimwa kutoka wapi?

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Anayeuza kiwanja hupima kutoka ukingo wa maji wa siku ya mauzo, tena hupenda kuuza kiangazi. Anayekuja kubomoa anaweza kupima kutoka kwingine. Ushauri wetu kwa kamati zote ni kuchukua alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika kwa kumbukumbu za watu na kwa alama za ardhini, na kuanzia hapo. Waulizeni wavuvi wazee, na akina mama wanaofua. Tafuteni mstari wa konokono na takataka, na mizizi iliyooshwa. Kisha mwiteni mpima ardhi wa halmashauri, maana kipimo chenu ni cha kuwasaidia kuamua, si cha kuonyesha mahakamani. Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake makuu yako Mwanza, nayo inahusika na hifadhi ya vyanzo vya maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ina kumbukumbu za vimo vya ziwa.

"Lakini tuna karatasi ya mtaa"

Kamati ya Kamunyonge ilituonyesha karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, ikishuhudia kwamba mzee ametoa kiwanja kwa hiari yake. Ni karatasi ya kweli, na waliosaini ni watu waaminifu. Ila karatasi hiyo inashuhudia kwamba mzee ametoa alichokuwa nacho. Haiwezi kukipa kigango zaidi ya hapo. Mwenyekiti wa mtaa si mamlaka ya kugawa ardhi wala ya kubadilisha matumizi yake.

Wengine husema: basi tuombe leseni ya makazi kama wanavyopewa watu wa maeneo yasiyopimwa. Nayo haitafaa, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ilipoianzisha leseni hiyo iliihusisha na ardhi isiyo hatarishi. Na hati miliki je? Ipo mifano ya watu wenye hati halali zilizotolewa zamani, kabla ya 2004, kwenye mwambao. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kusikilizwa na ana msingi wa kudai fidia. Lakini hata hati yake haimpi ruhusa ya kujenga jengo jipya mahali ambapo sheria imekataza; bado atahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na kwa miradi mikubwa tathmini ya athari kwa mazingira.

Kwa taasisi ya dini kuna hatua moja zaidi ambayo vigango vingi huisahau. Ardhi haiandikwi kwa jina la kigango, la padre, la mchungaji wala la mwenyekiti wa kamati. Inaandikwa kwa jina la Wadhamini waliosajiliwa. Tumeona majengo yaliyojengwa kwa jasho la waumini yakidaiwa na watoto wa mtu aliyesaini kwa niaba ya wenzake, baada ya yeye kufariki.

Waliokwisha kujenga

Ni rahisi kuandika habari za mita 60 ukiwa ofisini. Katika mwambao wa Musoma wako watu walioishi hapo kabla sheria hizi hazijatungwa, na kazi yao ni samaki. Mvuvi hawezi kukaa Bweri halafu akalinda mtumbwi wake usiku. Watu hawa si wavamizi, na tunaomba kamati zetu zisilitumie neno hilo ovyo.

Tumeona pia jinsi utekelezaji unavyoweza kwenda vibaya. Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, wengi wao katika mabonde kama Msimbazi. Baadhi ya wakazi walihamishiwa Mabwepande. Wengine walibaki, wengine walirudi, na Desemba 2015 nyumba zikapigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa, wakati mvua zikinyesha na shule zikikaribia kufunguliwa. Nairobi, Agosti 2018, yalibomolewa hata majengo makubwa ya biashara yaliyokaa kwenye kingo za mito, mengine yakiwa na vibali vilivyotolewa na maofisa wa umma. Kwa maoni yetu, pale ambapo serikali yenyewe ilitoa kibali, au ilikaa kimya miaka thelathini huku ikipokea kodi, hasara isiangukie upande mmoja tu. Na mara nyingi tumeona kamba ya kupimia ikianza kwenye kibanda cha mvuvi na kuchelewa kufika kwenye ukuta wa mwenye nacho.

Inafaa pia kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Serikali inapoitwaa ardhi kwa ajili ya hifadhi, hiyo ni habari nyingine. Wilayani Bunda, wakazi wa Kata ya Nyatwali walitakiwa kuhama ili eneo lao liunganishwe na Hifadhi ya Serengeti na wanyama wapate njia ya kufika ziwani. Hapo sheria inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati: thamani ya ardhi na mali iliyo juu yake, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi, na faida iliyopotea. Watu wa Nyatwali walilalamikia viwango na ucheleweshaji kwa miaka, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini mita 60 hazifanyi kazi hivyo. Ardhi haitwaliwi. Inabaki kwa mwenyewe, ila mkono wake unafungwa juu ya mambo fulani. Kwa hiyo anayenunua leo kiwanja ndani ya ukanda, akitegemea kwamba siku ya kubomolewa atalipwa, anajenga juu ya tumaini ambalo sheria haikumpa.

Kiwanja cha mzee kinaweza kufanya nini?

Sheria imekataza yaliyo ya kudumu na yale yanayoharibu. Haikusema ardhi ife. Tulikaa chini ya mkuyu na kamati na kulizungumza hili kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na ndipo mzee alipoanza kutabasamu.

Miti inaweza kupandwa, hasa ya asili kama mikuyu. Mikaratusi isipandwe, maana hunywa maji mengi na haifai karibu na vyanzo. Matete yaachwe yaote. Kitalu cha miche ya kamati ya mazingira ya parokia kinaweza kukaa pale, kwa kuwa hakihitaji msingi wala saruji. Watoto wa chekechea wanaweza kuletwa kucheza chini ya kivuli, wakisimamiwa, na bila kuingia majini, kwa sababu kichocho bado kipo katika mwambao wetu. Njia ya wananchi ya kwenda majini ibaki wazi. Kuizuia kungeleta ugomvi na mtaa mzima. Bustani ya mboga ndiyo iliyotugawa. Wengine walisema mchicha si jengo. Hata hivyo kulima kwa kugeuza udongo hadi ukingoni, tena kwa mbolea na dawa, ni shughuli inayoharibu, na maofisa huihesabu hivyo. Tukakubaliana bustani isiwepo ndani ya mita 60 mpaka afisa mazingira wa manispaa atoe ushauri wake kwa maandishi.

Mnara, ukuta wa mawe wa kuzuia maji, choo cha kuchimba, nyumba ya mlinzi "ya muda" yenye msingi wa saruji: hivi vyote visifikiriwe. Tunalitaja neno "ya muda" kwa makusudi. Katika nchi yetu hakuna kinachodumu kama kibanda cha muda.

Kabla ya kupokea zawadi ya ardhi

Tunaziomba kamati zote za ujenzi, kabla ya kutangaza zawadi ya kiwanja kanisani, ziende kwanza ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri zikiwa na mchoro mdogo wa mahali, na ziombe kuonyeshwa eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji. Ulizeni maswali matatu tu: eneo limepangwa kwa matumizi gani, limepimwa au la, na liko umbali gani kutoka chanzo cha maji kilicho karibu. Majibu yaombwe kwa maandishi. Kisha ndipo muulize familia ya mtoaji, watoto na wajane wakiwemo, kama wameridhia. Tukisha kutangaza kanisani na kupiga vigelegele huwa ni vigumu sana kurudi nyuma. Mtoaji huona ameaibishwa, na kamati huona aibu kumweleza. Ndivyo ilivyokuwa Kamunyonge.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba uvumilivu. Kuanzia robo hii hatutapeleka fedha za msingi wa jengo lolote la mwambao bila barua ya ofisi ya mipango miji na kipimo cha mpima ardhi. Jambo hili litachelewesha baadhi ya miradi kwa miezi, na gharama ya upimaji itaonekana kwenye bajeti kama mstari mpya. Msiufute.

Kuhusu chekechea ya Kamunyonge, mzee ameamua kiwanja chake kibaki kwa kigango kwa ajili ya miti na kitalu, kwa sharti moja: kaburi la baba yake lizungushiwe ua wa miti hai na liachwe mahali lilipo. Matofali ya akina mama yamehesabiwa na kuhamishiwa kwenye uwanja wa kigango. Kamati inazungumza na familia moja yenye kiwanja kilichopimwa upande wa juu, mbali na maji, ambacho si cha bure. Bei bado haijakubaliwa, na michango inaendelea kupokelewa kwa mhasibu wa parokia kwa stakabadhi.

Ile kamba ya katani, yenye fundo jekundu penye mita 60, iko ofisini kwetu. Parokia inayotaka kuitumia iandike jina kwenye daftari la mapokezi na kuirudisha ndani ya wiki moja.